Mmoja kwa Mia

Skuli ya biashara niliyoomba ilikuwa Dar. Ilichukua wanafunzi sitini kwa mwaka, na mwaka ule tuliomba elfu tatu na mia mbili. Hayo aliniambia Abrahman wa duka la intaneti pale Madungu, wala sikumuuliza. Nilikuwa na Divisheni Wani ya pointi tano, na subira sikuwa nayo.

Shida yangu ilikuwa kalenda. Chuo kimoja cha hapa hapa Chake Chake kilishanikubali nikasomee ukarani, nacho kikataka nisaini kabla ya Alhamisi saa sita mchana. Dar wangejibu wiki moja baadaye. Nikisaini hapa, Dar imekwenda, maana hawamruhusu mtu kukalia viti viwili. Nisiposaini, na Dar wakanikataa, nitakaa nyumbani mwaka mzima nachambua mchele na kusikiliza posa. Kwa hivyo nilitaka kujua jambo moja tu: nina nafasi kiasi gani ya kuchukuliwa?

Mama yangu, Bi Kazija, akasema Pemba nzima yupo mtu mmoja wa kukisia jambo ambalo halijatokea, naye ni baba mkubwa Silima, kaka wa marehemu baba. Mzee Silima ni mkadiriaji wa mikarafuu. Husimama chini ya mti ambao haujachumwa, akautazama, akataja utatoa pishi ngapi, na ukija kuchumwa hawapitani ila kwa konzi mbili. Wanaotaka kukodi shamba humwita kabla hawajamwita sheha. Kwamba mimi si mkarafuu, hilo halikumshughulisha mtu.

Alikuja Jumatatu asubuhi na kigoe chake, ile fimbo ya kuvutia matawi. Nikamwamkia, akaitikia huku ananitazama juu ya utosi. Akanisimamisha uani, akanizunguka mara tatu, akaniuliza nikilala jua hunipiga upande gani.

"Mwana yuno mtihani wa mwanzo alizaa?" akamuuliza Mama.

"Alipata Wani."

"Na huno wa pili?"

"Wani tena, shemegi."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Misimu miwili mfululizo. Mti ushachoka huno."

Nikasema mimi si mti. Akamwambia Mama kwamba majani yangu yana kelele.

Kisha akataka barua yangu ya maombi, nikampa nakala niliyobaki nayo. Niliiandika kwa Kiingereza, naye Kiingereza hajui, lakini hakuisoma. Aliinusa, akaikunja pembe karibu na sikio, kama ipimwavyo karafuu kavu, asikie kama itavunjika. "Mbichi hino," akasema. "Ianikwe siku tatu."

Mama, bila ya haya, akaitandaza juu ya jamvi katikati ya karafuu. Jirani yetu Bi Kijakazi akawa anakuja kuigeuza kila baada ya sala, na wingu likitanda nasikia anapiga ukelele barua iingizwe ndani. Nilikuwa na hasira hata chakula hakipiti. Lakini siku ya pili niliiona imegeuzwa vibaya, nikainama nikaigeuza mwenyewe. Mtu akitaka kitu sana huwa hivyo.

Jumatano alasiri Mzee Silima alirudi, na nusu ya mtaa ikaja kusikiliza. Akaivunja barua pembeni, ikalia. Akaridhika. Akapitisha ukucha kwenye mistari miwili, akasema hapa na hapa pana makonyo, vile vijiti vinavyochambuliwa kwenye karafuu, yatolewe. Nikatazama. Mstari mmoja ndipo nilipoandika kwamba nimezaliwa kuwa kiongozi. Hapo hakukosea.

Akanitazama tena, kutoka miguuni mpaka kichwani, taratibu. Watu wakasogea karibu.

"Mmoja kwa mia," akasema, akachukua kigoe chake, akaondoka.

Nililia. Nalisema mwenyewe kabla hajalisema Bi Kijakazi. Mama naye akalia, akanifunika kwa kanga yake, akaniambia ukarani pia ni kazi ya heshima. Alhamisi saa tano nikaenda nikasaini.

Jumatano iliyofuata Abrahman alinijia mbio na karatasi mkononi. Dar wamenichukua. Nikapiga simu, nikajibiwa kwa upole kwamba jina langu limeshasainiwa chuo kingine, niombe tena mwakani na wenzangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Silima. Nilimkuta barazani kwake, na pembeni yake pana kiti kitupu.

"Baba mkubwa, wamenichukua."

"Nlijua."

"Ulisema mmoja kwa mia."

Akanitazama kama anayemtazama mtoto asiyejua kunawa. "Mti hautajiwi pishi zake nao wasikia. Jicho likiupata, maua yote chini. Mbele ya mti husemwa kidogo. Kisha mwenye mti huja kuno faraghani, akapewa ile ya kweli. Nani asojua?"

Mama hakujua. Mama kazaliwa kisiwani Fundo, kwa wavuvi, na huko samaki huhesabiwa akishatoka majini.

"Nlimngoja mamako siku ile mpaka Isha," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevunjiwa heshima. "Nkamtolea na kiti."

Nilikaa juu ya kile kiti. Sikujua nimlaumu nani, na moyo uliniuma kwa sababu hakuwepo wa kumlaumu. Mwishowe nikamuuliza: "Na mwakani, nikiomba tena?"

Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, taratibu vile vile.

"Mmoja kwa mia."

Nikaenda nyumbani, nikamweleza Mama yote, nikamtuma. Alitoka na buibui lake akapitia mlango wa nyuma. Alikaa huko saa nzima.

"Kasemaje?" nikamuuliza aliporudi.

"Mbaya," akasema Mama, hanitazami usoni. "Mbaya sana, mwanangu."

Kisha akaingia chumbani, akalivuta sanduku la safari la marehemu baba kutoka uvunguni, akalifuta vumbi, akaenda kulianika juani.