Watu Anao, Chama Hana

Mwaka huo wa tisini na saba Mbodze hakuwa na chama, alikuwa na mdomo. Pale Makadara, Mombasa, alipouza mahamri na mbaazi, mdomo wenyewe ulikuwa ukitosha.

"Mifereji imekauka, waheshimiwa wamenona," alikuwa akisema huku akigeuza mahamri karaini. "Hayo maji yamekwenda wapi, kama si matumboni mwao?" Wateja wakacheka hadi chai ikawapalia.

Aliyemtia moyo agombee ubunge ni shemejiye Kitsao, karani wa wakili mmoja mjini. "Simama peke yako, shemeji. Chama cha nini? Wewe watu unao."

Kitsao akawa msimamizi wa kampeni, akamchagulia na alama: mbuzi ya kukunia nazi. Wanawake wa mtaa wake wa Kibokoni wakaandamana na mbuzi vichwani, ungedhani ni harusi iliyokimbiwa na mpishi. Taib, mgombea wa chama, akipita na vipaza sauti vyake, watu walimpungia mkono kwa adabu, kisha wakarudi kumsikiliza Mbodze.

Siku ya kuwasilisha majina akajifunga leso mpya, akaingia ofisi ya uchaguzi na Kitsao nyuma yake. Umati ukabaki nje.

"Chama gani, mama?" ofisa akauliza.

"Sina. Nina watu, wako hapo mlangoni."

"Sheria inataka chama kikudhamini. Bila chama hugombei, hata uje na Mombasa nzima."

"Sheria hiyo imetungwa leo?"

"Ya zamani, mama. Huyu uliyekuja naye anaijua vizuri. Si ndiye aliyeleta karatasi za Bwana Taib asubuhi?"

Mbodze akageuka. Kitsao alikuwa akiangalia dari, kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

"Ulijua?"

"Twende nje, shemeji."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua." Akashusha sauti. "Lakini ningekwambia, ungesimama? Na hawa watu angewakusanya nani? Taib akihutubia hata paka husinzia."

"Kumbe mimi mpishi, na mlaji kakaa garini ananisubiri nipakue."

"Waambie umemwachia. Hatakusahau."

"Sisemi."

Hakusema. Huko nje Kitsao ndiye aliyepanda gari la Taib lililokuwa likisubiri, akashika kipaza sauti. "Mama yetu ana moyo mkubwa. Amemwachia ndugu yetu Taib. Kura zenu kwake ni kura kwa Mbodze."

Vigelegele vikapaa. Mbodze akapaza sauti, "Sikumwachia mtu," lakini vilimfunika. Winnie, jirani yake wa biashara, alimwona tu akilia, akamkumbatia. "Nyamaza, dada. Umefanya la kiungwana."

"Winnie, nimeuzwa."

"Najua, inauma kumwachia mwenzio." Kisha naye akalifuata gari pamoja na wenzake.

Mbodze akarudi Kibokoni kwa miguu. Habari ilikuwa imemtangulia. Kila baraza aliyoipita watu waliinuka kumpa mkono na kumwombea dua. Mwanzoni alieleza, sheria hivi, Kitsao vile. Wakazidi kumsifu, eti kwa unyenyekevu wake. Akaacha kueleza.

Karibu na mlango wake mzee mmoja akamwambia, "Hongera, mwanangu. Mimi nisingeweza kumwachia mtu kiti hivyo."

"Hata mimi sikuweza, mzee wangu."

Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. "Mbodze huyu," akawaambia wenzake, "hata leo hajaacha mzaha."