Ajali Sitini na Nne za Kona ya Makaburini

Shemeji yangu Burulcha alikaa mjini kwetu Ak-Kashat vipupwe viwili tu, akaona kitu ambacho mimi sikukiona kwa vipupwe kumi na kimoja. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na sina desturi ya kuficha kinachoniuma. Wakuu wa wilaya wananijua kwa tabia hiyo.

Mimi ni mchochezi wa boila ya shule. Kuanzia Oktoba hadi Aprili natia makaa ya mawe tanurini ili watoto wa watu wasome bila kuganda vidole. Shule yenyewe niliiacha darasa la nane. Niliyoyajua baadaye niliyasoma nimekaa juu ya ndoo, mgongo kwenye bomba la moto. Sheria ya barabara naijua kuliko polisi wetu. Namkumbuka kila mkuu aliyewahi kuahidi mchanga wa kumwaga juu ya barafu, magari yasiteleze, kwenye kona ya makaburini, mwaka aliouahidi na kofia aliyokuwa amevaa.

Kona yenyewe iko pale barabara itokayo mlimani inapoingia mjini. Mkono mmoja makaburi ya wazee wetu, kuba za udongo na ukuta mrefu. Mkono wa pili mtaro wa maji. Kivuli cha ukuta kinaifunika lami tangu Novemba, na barafu yake haiyeyuki mpaka Machi. Barabara imelala kidogo kuelekea mtaroni. Gari likiteleza, halina pa kwenda ila huko.

Nilianza kuandika mwaka ambao basi dogo la harusi lilitumbukia. Kila ajali niliiendea kwa miguu, maana boila iko karibu na kishindo nakisikia. Niliandika siku, saa, hali ya hewa, namba ya gari, aina ya matairi, waliofariki. Ajali sitini na nne. Waliofariki tisa, na wote nawajua mpaka majina ya baba zao. Nikapeleka barua ishirini na tatu. Nilijibiwa mara mbili, na jibu la pili lilinitaka niandike kwenye karatasi yenye mistari.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Mdogo wangu Estebes alioa muuguzi kutoka bonde la pili. Mwanamke mfupi, mpole, anayeongea kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Wakampa kazi kwenye gari la wagonjwa. Kipupwe cha pili, mwezi wa Januari, aliandika karatasi moja. Moja tu. Akampa daktari mkuu, daktari akaipeleka wilayani, na wiki hiyohiyo mkuu wa idara ya barabara akatangaza anakuja kutusikiliza. Barua ishirini na tatu hazikumtoa kwenye kiti chake. Karatasi ya shemeji ilimtoa.

Estebes ndiye aliyeniletea habari, anacheka kwa furaha kama mtu aliyejaliwa pacha. Nilimuuliza kuna nini kwenye hiyo karatasi. Akasema mkewe amegundua kinachoangusha magari. Nikamwambia kinachoangusha magari ni barafu na wezi wa mchanga, hata mbuzi anajua. Akasema hapana, ni mikono.

Basi nikaenda kwao. Burulcha alinimiminia chai ya maziwa nusu bakuli, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa akae sana, akasimama karibu na mlango mpaka nilipomwambia aketi. Kisha akaeleza. Alisema hapa kwetu kila dereva akifika makaburini huwaombea marehemu na kupitisha viganja usoni. Viganja vyote viwili. Kiangazi haina neno, gari linajiendea. Kipupwe, gari linakuwa halina mwenyewe kwa sekunde mbili palepale barafu ilipo, palepale lami ilipolala. Alikuwa amewauliza majeruhi wake kumi na mmoja, mmoja mmoja, na tisa walikiri.

Akasema ana vipupwe viwili tu, mkuu wa barabara atasema ni bahati mbaya. "Daftari zako, kaka, zina kumi na kimoja. Tukiziweka pamoja hawezi kutukatalia."

Tukiziweka pamoja. Nilikunywa chai ile nikaiona chungu. Nilitazama vidole vyake vidogo vimeshika birika na nikawaza: huyu alikuwa wapi nilipokuwa nasimama mtaroni, theluji magotini, naandika kwa penseli kwa sababu wino umeganda? Nilimwambia daftari zangu hazijakamilika. Uongo. Nilimwambia nitaangalia. Uongo wa pili. Nilipotoka nilisikia Estebes anamwambia, kaka atakubali, ana roho nzuri. Hilo nalo lilinichoma.

Siku tatu nilijitengenezea hoja, na nasema mpaka leo hoja haikuwa mbovu. Ukiwaambia wakubwa kwamba watu wanakufa kwa dua zao, hawatanunua hata toroli moja la mchanga. Watasema: acheni kuomba. Tangu lini wakubwa wakaacha kuchukua sababu ya bure? Hoja ilikuwa nzuri. Ila mimi naijua hasira yangu, nimeishi nayo miaka mingi. Ile ya siku zile haikuwa ikimwendea mkuu wa barabara. Ilikuwa inamwendea mke wa mdogo wangu.

Mkutano ulifanyika saa nne asubuhi kwenye ukumbi wa utamaduni. Watu walijaa na makoti yao. Burulcha alisimama mbele akasoma karatasi yake kwa sauti ileile ya wodini, na waliokaa nyuma wakawa wanaulizana kasema nini. Mkuu wa barabara akatikisa kichwa, akauliza hayo ni ya miaka mingapi. Miwili, akasema Burulcha. Akanitazama. Ukumbi mzima ukanitazama, maana wote walijua nina nini kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti.

Nikasimama. Mfuko niliuacha chini.

"Mmesikia," nikasema. "Miaka kumi na mmoja tunaomba mchanga. Leo tunaambiwa mchanga hauna kazi. Marehemu wetu ndio wanaotuua. Baba zenu, wamelala pale kimya, ndio wanaovuta usukani wenu. Bibi mgeni anataka tupite mbele ya mama zetu kama mbwa wanavyopita."

Sikuhitaji kusema zaidi. Sagynaly, dereva wa teksi, mtu wangu tangu zamani, alipiga makofi ya kwanza. Mzee mmoja akasema enzi za farasi watu waliomba na hakuna farasi aliyeanguka mtaroni, watu wakacheka. Mwanamke wa nyuma akauliza huko bondeni kwao wanazikwa au wanatupwa. Imamu alikunja uso. Mkuu wa barabara alifunga faili lake akiwa ametulia kabisa, akasema jambo hili linahitaji utafiti. Hakuna mchanga uliotajwa tena siku ile, na mimi, msemaji wa mchanga, sikuuliza.

Burulcha alikunja karatasi yake mara nne. Alipopita karibu yangu aliinamisha kichwa kwa heshima, kama inavyompasa kwa kaka wa mumewe. Ningependa angenitemea mate.

Siku ya sita baada ya mkutano nilikwenda kituo cha juu mlimani kuchukua valvu ya boila. Sagynaly akanirudisha kwa teksi yake, hataki nauli, anasema mtu aliyeutetea ukumbi mzima halipi. Ilikuwa mchana, jua limewaka juu ya theluji, na njia nzima alinirudia maneno yangu mwenyewe akiyaboresha. Mbwa alishawageuza mbwa mwitu. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Tulipouona ukuta wa makaburi akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikafungua viganja, midomo ikaanza yenyewe kama ilivyozoea, na sijui ni nini kilichonifanya nigeuze macho. Viganja vya Sagynaly vilikuwa usoni. Vyote viwili, vidole vimefunika macho, vinashuka polepole kwa adabu mpaka kidevuni. Usukani ulikuwa peke yake. Niliuona unageuka kidogo, taratibu sana, kuelekea upande ambao barabara imelala. Nilikuwa na muda wa kuelewa kila kitu, na sikuwa na muda wa kusema chochote.

Tulilala mtaroni ubavu. Sagynaly alivunjika mfupa wa bega, mimi nilipasuka juu ya jicho. Gari la wagonjwa lilifika upesi, na aliyeshuka ni Burulcha, na mkoba wake, anateleza na buti zake. Alinifunga kichwa, akamfunga Sagynaly mkono, akaniuliza kama naona vitu viwili viwili. Kisha akatoa fomu yake. Matairi: ya kipupwe, mapya. Mwendo: arobaini. Akamuuliza Sagynaly mikono ilikuwa wapi.

"Kwenye usukani, dada. Itakuwa wapi?" Na akanitazama mimi, mtu wake.

Burulcha naye akanigeukia. Hakunikazia macho, alitazama bandeji yangu. "Kaka, wewe ulikuwa umekaa pembeni yake."

Ningeweza kukataa. Sagynaly alikuwa ameshanifungulia njia, nami ukumbini nilikuwa nimeshasema kubwa kuliko hilo. Nilitazama alama za matairi juu ya barafu, mstari mmoja ulionyooka mpaka mtaroni, bila dalili ya breki. Alama kama hizo nilizichora mara nyingi kwenye daftari zangu na kuandika pembeni yake: barafu.

"Usoni," nikasema. "Yote miwili."

Sagynaly aliguna kwamba nimemuuza hivihivi. Yeye Burulcha aliandika, akapuliza kalamu ambayo wino wake ulikuwa unaganda, akamaliza neno. Hakutabasamu. Nilimngoja atabasamu ili nipate cha kumchukia, hakunipa.

Nyumbani nilifungua daftari zote kumi na moja juu ya mkeka, kichwa kinagonga. Nikapitia safu ya namba za magari, niliyoijaza mwenyewe, kwa mkono wangu. Kupitia kona ile hushuka malori ya nchi za jirani, usiku na mchana, matairi yao yamelika mpaka yanang'aa, madereva hawajui hapo amelala nani wala hawaombi. Katika ajali sitini na nne hakuna lori la kigeni hata moja. Sitini na moja ni namba za kwetu. Tatu zilizobaki ni magari madogo ya wapita njia, na madereva wake walikuwa walevi. Jibu nililikalia miaka kumi na mmoja kama kuku juu ya yai la jiwe, na mtu mwingine, aliyefika juzi, alilipata bila hata kuiona safu ile.

Nisiseme kwamba wivu ulikwisha. Ulizidi. Lakini tisa walikwisha kufa, na Machi ilikuwa bado.

Nilimpelekea Burulcha mfuko wa daftari asubuhi. Nilimwambia aangalie safu ya nne. Akaiangalia amesimama mlangoni, na alipofika ukurasa wa tatu akaketi chini bila kungoja nimwambie.

Mkuu wa barabara alirudi wiki mbili baadaye, kwa kusukumwa na daktari. Safari hii nilisoma mimi, kwa sababu sauti ninayo. Nilisoma namba za magari moja baada ya nyingine, na kila familia ilisikia yake. Hakuna aliyecheka. Nilipofika basi la harusi mzee wa farasi alivua kofia. Kisha imamu, ambaye nilitegemea atanipinga, alisema nia haipimwi kwa mita. Tusimamishe kibao kwenye miti ya mipopla, barabara inaponyooka, mita mia mbili kabla ya ukuta, na watu waombe pale, wenye haraka wapunguze mwendo, wasio na haraka wasimame. Nikadai na mchanga. Nikadai na ukingo wa chuma. Mkuu alisema kibao atakiweka wiki hiyo, mchanga ataufikiria. Nimeandika siku aliyosema hivyo, na kofia yake ilikuwa ya mbweha.

Akafungua fomu yake. Akauliza ugunduzi huu aandike ni wa nani.

Burulcha alisimama. Alisema kazi yote ni ya kaka yetu mkubwa, miaka kumi na mmoja, kwa miguu. Yeye aliongezea kidogo tu. Nilisikia uso wangu unawaka. Anagawa kama mtu aliyeshiba, nikawaza, mwenye njaa hawezi hivyo.

"Kaka mkubwa nani?" mkuu akauliza, kalamu hewani. "Jina."

Burulcha akakaa kimya. Watu wakaanza kuguna kwa kicheko, kwa maana mkwe wa kwetu halitamki jina la kaka wa mumewe, si mbele za watu wala chooni. Atakuita kwa kila namna isipokuwa kwa jina lako. Mkuu, mtu wa mjini, hakuelewa. Estebes alifungua mdomo alitaje jina langu.

Nilimwahi. "Andika lake," nikasema. "Mimi niliandika namba. Aliyezisoma ni yeye."

Niliposema hivyo haikuniwia rahisi hata kidogo, na msije mkadhani. Mkuu akauliza ni Burulcha au Burulsha. Nikasogea mpaka mezani kwake, na nikamtajia herufi moja moja mpaka akalipatia.