Mihuri Minne kwa Lori la Nyanya

Bosi Hezron hakuamini kitu kisichogongwa muhuri. Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma, hata barua ya kuomba ruhusa ya msiba ilipita mezani kwake kwanza, ikapata wino wa bluu.

Mimi nilikuwa nimewatengenezea mfumo mwepesi. Dereva anapiga picha kibali cha mzigo na kuipandisha kwenye folda yetu ya mtandaoni. Picha ikifika tu, programu ndogo inaamka yenyewe, inasoma namba ya lori, inamtumia taarifa Kasiani, mwenzetu wa Nakonde, upande wa Zambia, kisha inalala. Hakuna seva ya kuwasha asubuhi wala ya kulinda.

"Kwa hiyo tumeajiri mtu wa kulala kazini," Hezron alisema, na ofisi nzima ikacheka.

Ijumaa, lori la nyanya la Mama Tupokigwe kutoka Mbozi lilizuiwa mpakani. Nyanya zilikuwa zimeiva, na hiyo ilikuwa siku ya pili juani tangu zichumwe. Mwenyewe alikaa kwenye benchi letu, anatutazama.

Kasiani akapiga simu. "Mwebantu, jamani, mna malori mangapi? Nina taarifa tano, namba ya lori moja. Wakaguzi huku wanasema mnaghushi."

Hezron akanigeukia. "Jini lako limezaa."

Nikafungua folda. Picha ya kwanza ilikuwa ya dereva, safi kabisa. Ya pili ilikuwa kibali kilekile, kimeprintiwa, kimegongwa KIMEPOKELEWA, kimeskaniwa na kurudishwa palepale. Ya tatu, KIMEONEKANA. Ya nne, KIMEPITISHWA. Ya tano, NAKALA HALISI. Kila kiliporudi, programu iliamka kwa utii ikatuma taarifa mpya.

"Gloria, nani alikwambia uprinti?"

Gloria, karani wetu, alimwonyesha bosi kwa kidevu.

"Karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi," Hezron alisema.

"Hii si karatasi, bosi."

"Ndiyo maana nikaifanya karatasi."

Kosa langu lilikuwa hapo. Niliifundisha programu kukataa picha zenye ukungu. Sikuifundisha kukataa ofisi yetu.

Nikampigia Kasiani, spika wazi. "Ya kweli ni ipi?" aliuliza.

"Ya kwanza. Ile isiyo na muhuri."

"Na hizi nne?"

"Tupa."

Mama Tupokigwe akasema taratibu, "Mzee Hezron, ungezigonga muhuri na nyanya zangu pia. Labda zingeacha kuoza."

Lori lilivuka saa kumi jioni, likiwa limeacha matenga sita kando ya barabara, yanachuruzika. Niliyatazama hadi macho yakaniuma.

Jioni hiyohiyo nilimfungulia Hezron folda ya pili, ya mihuri tu, ambayo programu haiiangalii kabisa. Alifurahi kusikia kwamba ni yake peke yake.

Wiki iliyofuata Mama Tupokigwe alileta lori jingine. Saa nne asubuhi nyanya zake zilikuwa Nakonde. Hezron alikuwa bado anagonga muhuri wa pili.