Kishikio Namba 3117

Nilifika ofisi ya wapima ardhi ya Gordon Ness saa tatu kasoro asubuhi, Jumanne, toleo jipya la programu yangu likiwa kwenye flashi mfukoni. Barafu ya ziwa ilikuwa imevunjika siku nne nyuma na Duluth nzima ilinuka matope na chumvi ya barabarani. Sikuvua hata koti. Kazi ilikuwa ya dakika kumi: kuzima seva, kuweka toleo jipya, kuwasha, kunywa kahawa moja na kwenda ofisi inayofuata. Ofisi kumi na nne kandokando ya ziwa zinatumia seva ya mafaili niliyoiandika mimi. Tatu nilizimaliza wiki iliyopita. Hii ilikuwa ya nne.

Seva ya mafaili ni kompyuta moja inayotunza mafaili ya wote. Mtu akifungua faili kutoka mezani kwake, seva humpa kishikio, yaani namba, kama kile kibao unachopewa ukiacha koti mlangoni mwa ukumbi. Programu yangu ya kwanza, ya miaka ishirini na sita iliyopita, ilikuwa na kasoro moja: ilitoa vibao na haikukumbuka kuvirudisha. Watu walikwenda zao, makoti yakabaki yametundikwa. Kikomo kilikuwa vishikio elfu sitini na tano. Kikifika, seva hujizima na kujiwasha upya, vibao vyote vikafutwa. Nilipoiandika niliuona huo kuwa ujanja mkubwa. Toleo jipya lilikuwa na adabu zaidi: kishikio kikikaa nusu saa bila kuguswa, linakifunga.

Asubuhi ile kihesabio cha vishikio kilisoma 64,102. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia pale Marlys Tveit alipoingia na viatu vyake vya matope. Marlys ndiye mpimaji wao mkuu, mwanamke wa karibu miaka sitini, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na upepo.

"Mzee Maki, kabla hujagusa kitu, njoo uone jambo."

"Dakika kumi, dada. Nikimaliza nakuja."

"Ukimaliza nitakuwa nimeshapelekwa kwa madaktari wa vichwa. Njoo sasa."

Nilimfuata nikinung'unika. Kwenye skrini yake kulikuwa na orodha ya vina vya maji ya ghuba, pale serikali ya jimbo inapotaka kujenga daraja. Alivipima majira yote ya baridi, akitoboa barafu na kushusha uzi wenye uzito wa risasi nchani. Kila jioni alirudi na kuongeza mistari kwenye faili lile lile, na kompyuta yake hakuizima hata siku moja.

"Unaliona faili?" akauliza.

"Naliona."

"Sasa nionyeshe folda yake."

Nilitafuta. Folda haikuwapo. Gordon alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Nilisafisha seva Ijumaa," akasema. "Nilidhani ni folda ya mwaka jana. Huyu anasema faili bado liko. Nimemwambia anaona mzimu."

"Nimejaribu kulihifadhi mahali pengine," Marlys akasema. "Programu ikaniambia faili halipo, ikataka kujifunga. Nikaikatalia. Tangu saa mbili sijagusa hata panya. Nimepiga picha mistari arobaini inayoonekana."

"Yote ni mingapi?"

"Mia nne na kumi na mbili. Kila mstari ni shimo."

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa. Gordon alikuwa amefuta jina, lakini seva haiwezi kuyatupa maandishi ya faili ambalo bado kuna mtu amepewa kishikio chake. Majira yote ya baridi ya Marlys yalikuwa yananing'inia kwenye namba moja, na namba hiyo ilikuwa hai kwa sababu tu programu yangu haikujua kufunga. Dakika chache nyuma nilikuwa karibu kuizima seva.

"Si kuna nakala za usiku?" Gordon akauliza.

"Zinaruka faili lililo wazi."

"Nani aliamua hivyo?"

"Mimi."

Akanywa kahawa. "Hayo ndiyo uliyofundishwa kwenye ile shule yako ya jioni ya kompyuta?"

Nilirudi kwenye chumba cha seva karibu mbio, na mimi nina miaka sabini na moja. Kihesabio kilikuwa kimefika 64,388. Kila aliyefungua barua, ramani au picha alikuwa anakisogeza. Nikawaambia: kila mtu atoe mikono mezani. Wanne waliokuwa ofisini wakakaa wakitazamana kama watu walio kanisani kabla ya mazishi. Namba zikapunguza mwendo, hazikusimama. Yalibaki magari mawili ya wapimaji yaliyokuwa kazini, na tableti zao zilichota ramani bila kuombwa.

"Wapigie simu wazime," nikasema.

Gari la kwanza lilizima. La pili lilikuwa juu huko kaskazini, nyuma ya mji wa Two Harbors, ambako simu haishiki.

"Si uchomoe waya?" Gordon akasema.

Nilifungua kabati. Nyaya kumi na tisa, zote za buluu, hakuna hata mmoja wenye lebo. Mmojawapo ulikuwa wa Marlys.

"Chagua wewe," nikamwambia. Akafunga kabati polepole.

64,610.

Kulipata faili ndiko kulikokuwa kugumu. Vishikio ambavyo mafaili yake yamefutwa vilikuwa zaidi ya elfu nane, na programu yangu haikuandika jina wala saa ya hata kimoja. Siku zile kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba, nikayaona majina kuwa anasa. Kunakili vyote kungehitaji vishikio vipya elfu nane, na nilibakiwa na chini ya mia nne. Kitu pekee ambacho seva ilionyesha ni namba inayosomwa wakati huo huo. Inapita kwenye skrini mara moja, inapotea.

Nilisimama katikati ya milango miwili ili Marlys anisikie.

"Dada, nataka usogeze orodha chini. Polepole. Kompyuta yako ikiomba mistari mingine, nitaona namba yake."

Hakusogea. "Na ikiniambia tena faili halipo, ikajifunga?"

"Basi limekwenda."

"Unajua nilipasua kucha mbili kwenye shimo la mia tatu? Siku hiyo uzi uliganda mkononi. Daraja linasubiri vina hivi, na barafu hairudi mpaka Desemba. Kuna njia nyingine?"

"Tukikaa hivi hivi, seva itajizima yenyewe. Kama dakika kumi."

"Hiyo si njia. Hiyo ni saa ya ukutani." Alivuta pumzi. "Ungeniambia uongo kidogo, mzee, ningefurahi."

"Sogeza."

Nilirudi kwenye skrini ya seva. 64,871. Namba za lile gari la kaskazini zilikuwa zinapita, sitini na nne elfu na kitu, sitini na nne elfu na kitu, zote mpya, kwa maana namba hutolewa kwa mfuatano. Faili la Marlys lilifunguliwa Januari, siku chache baada ya seva kuwashwa. Nilikuwa nangoja namba ndogo.

"Nimesogeza," akaita.

Sikuona kitu.

"Tena."

Macho yalikuwa yananiwasha na niliogopa kupepesa. Zikapita kubwa tatu, kisha ikapita 3117, ikapotea.

"Tena, dada."

3117.

Nilipiga amri ya kunakili namba ile kwenye flashi yangu. Vidole vilikosea mara ya kwanza, nikafuta, nikaandika upya. 64,940. Taa ya flashi ikapepesa, ikatulia. Niliichomoa na kuipeleka kwenye kompyuta ndogo ya Gordon, ambayo haikuunganishwa na chochote, na sote watatu tukaliangalia faili likifunguka. Marlys aliiteremka orodha kwa kidole mpaka chini, midomo ikitembea. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mia nne na kumi na mbili.

"Shimo la mwisho," akasema. "Futi kumi na tisa na nusu. Mbwa wa mvuvi mmoja alikula mkate wangu siku hiyo."

Hatukuwa tumekaa vizuri seva ilipojizima. Skrini ya Marlys ikawa nyeupe. Kisha taa za seva zikarudi, na kihesabio kikasoma 11.

Gordon alileta kahawa na kipande cha keki ya rubabu, ule mmea mchachu, kwenye karatasi. "Haya, mzee. Sasa tuwekee hilo toleo jipya tumalizane."

"Siweki."

"Umekuja na gari maili thelathini."

"Hili nililoleta linafunga kila kishikio kisichoguswa nusu saa. Orodha ya Marlys imelala bila kuguswa kila usiku tangu Ijumaa. Lingekuwa ndani, faili lingekwisha usiku ule ule wa Ijumaa. Nikifika yeye angekuwa anatazama skrini kama hii, na mimi ningemwambia ameota."

Marlys akadakia. "Na ungeomba kahawa."

"Ningeomba."

"Na sukari."

Nilichukua karatasi nikaanza kuandika papo hapo: kishikio cha faili lililofutwa jina kisifungwe kabla mwenyewe hajaulizwa, jina liandikwe, saa iandikwe, nakala ya usiku isiruke kitu. Niliandika mistari minne, mkono ukasimama. Keki ilikuwa bado mdomoni.

"Nini tena?" Gordon akauliza.

"Wiki iliyopita nimeliweka kwenye ofisi tatu."

Alisogeza simu ya mezani mbele yangu bila mzaha wowote. Ofisi ya kwanza ilikuwa mji wa Superior, ng'ambo ya ghuba. Akapokea karani wao, Lorna Bjork, mchangamfu kama kawaida yake, akaniambia seva haijawahi kufanya kazi vizuri namna hii.

"Nashukuru, dada Lorna," nikasema. "Niambie kitu kimoja. Tangu nilipokuja Alhamisi, kuna mtu hapo ametafuta faili lake akalikosa?"

Akacheka. Kisha nikasikia akiweka simu mezani na kwenda kuuliza.