Bibi Sabuni na Tangi la Marehemu

Mimi ni dobi, na nguo ikitoka mikononi mwangu hata mwenyewe haitambui. Miaka thelathini nimefua mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari na aibu za watu ambazo sizisemi. Kwa hiyo mume wangu, fundi redio, alipoleta sebuleni tangi la kioo lenye samaki saba na mimea inayoota ndani ya maji, haikupita wiki nikamwambia, "Haya maji yako yamechafuka."

"Hayajachafuka, yamekomaa," alisema. "Bibi Sabuni, hapa usiguse."

Maji yalikuwa na rangi ya chai, eti kwa sababu ya kigogo alichokilaza chini, na mimi rangi ya chai naijua kwenye kikombe tu. Kila Jumamosi alitoa theluthi ya maji, akajaza mengine yaliyolala kwenye ndoo tangu jana yake ili dawa ya bomba iishe nguvu. Sponji ya chujio aliikamua ndani ya yale machafu aliyoyatoa, akairudisha ikiwa bado nyeusi. Nilimcheka. Nikamwambia, ungekuwa kibarua wangu ningekufukuza kabla ya saa nne. Naye akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichokuja kumwondoa.

Binti yetu ni muuguzi ng'ambo, hakupata ruhusa ya kuja kuzika. Alilia kwenye simu mpaka nikaogopa. Kisha akauliza, "Mama, samaki wa baba wazima?"

"Wazima."

"Nitunzie. Nikija nikute kitu alichokuwa anakishika kila siku."

Nikaahidi, na mimi si mtu wa kuahidi ovyo.

Miezi mitano niliwatunza kama nilivyomwona akifanya, chakula kidogo, taa nikizima jioni. Majani yalinawiri. Kila asubuhi samaki mkubwa mwenye mkia mwekundu, tuliyemwita Mwenyekiti, alikuja kwenye kioo kudai chakula, nami nikamgombeza kama nilivyomgombeza mume wangu. Sikuwa na mwingine wa kumgombeza.

Binti aliposema anafika Jumapili, nikaitazama nyumba kwa jicho la mgeni. Nilifua mapazia. Nilifua vitambaa vya viti. Halafu nikaliona tangi. Nikasema, mtoto atoke huko kote aje akute baba yake ameacha dimbwi? Alhamisi nikahamishia samaki kwenye beseni, nikamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikaosha changarawe, nikachemsha kigogo. Sponji niliifua mara tatu kwa sabuni ya unga, nikaisuuza mpaka ikarudia umanjano wake. Nikajaza maji ya bomba, meupe pe, nikarudisha mimea na samaki. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ijumaa samaki wote walikuwa juu, midomo wazi. Nikampigia simu muuza samaki wa mapambo, nikamweleza nilichofanya.

"Mama, ule weusi kwenye sponji ulikuwa hai," alisema. "Ni vidudu visivyoonekana. Ndivyo vilivyokuwa vinakula sumu ya kinyesi cha samaki. Wewe umevifua."

"Sasa nivirudishe vipi?"

"Vinaota vyenyewe. Wiki kadhaa."

Majuto ni mjukuu, lakini wangu hakungoja. Kufika Jumamosi mchana Mwenyekiti alikuwa wa mwisho, naye akalala ubavu mbele ya macho yangu, mkono wangu ukiwa ndani ya maji ukimsukuma aogelee.

Jumapili binti aliweka begi chini, akasimama mbele ya tangi. Taa ilikuwa inawaka, majani yamesimama, ndani hamna kinachotembea. Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Nilitamani anikaripie. Hakunikaripia. Alinikumbatia tukalia, kisha akajifuta uso kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Basi, Mama. Si kitu," alisema. "Nipe tu shati lake moja. Lile la bluu la kazini. Nataka kumnusa."

Nikafungua kabati. Mashati yake kumi na moja yalikuwa pale, yamekunjwa vizuri, kama nilivyoyapanga wiki ile ile ya msiba. Binti alilichukua la bluu, akajifunika nalo uso, akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena. Kisha akalishusha taratibu.

"Linanukia sabuni, Mama."