Mto wa Kiti cha Nyuma

Hakuwa na mke, maana mke alifariki mwaka juzi. Hakuwa na magego ya upande wa kushoto. Hakuwa na karakana. Aliiuza macho yalipoanza kugombana na tundu la sindano. Hakuwa na mtu wa kumwambia, "Wewe, shati umelivaa nje ndani." Na tangu majuzi hakuwa na gari, au tuseme alikuwa nalo, ila lilikaa uani kama mgeni aliyenuna, na kila akiliwasha, taa nyekundu ilimkodolea jicho.

Alichobakiwa nacho ni jina. Majirani walimwita Dereva, ingawa maisha yake yote alikuwa fundi makochi. Jina lilitokana na mkewe. Bibi yule alikuwa na goti lisilokunjika, kwa hiyo kiti cha mbele hakikumfaa. Alikaa nyuma, mguu kaunyoosha juu ya kiti kizima, mgongo kauegemeza pembeni kwenye mlango, na mumewe mbele akishika usukani. "Twende, dereva," alizoea kusema, "na mataa yakiwa mekundu usijifanye kipofu." Mtaa mzima ulicheka, na wao wawili walicheka kuliko mtaa.

Lilikuwa gari la haibridi, lenye nguvu mbili: injini ya petroli na betri kubwa iliyojificha nyuma ya kiti cha abiria. Likienda kwa betri halikutoa hata mguno. "Linatembea kama paka aliyeiba," mke alisema. Sasa limezeeka. Lilianza kukohoa kwenye vilima, halafu likakataa kabisa kwenda kimya, halafu ikaja ile taa.

Binti yao, anayeishi mji wa mbali na mumewe, alipiga simu kila Jumapili.

"Baba, uza hilo gari uje. Chumba kipo, nimekipaka rangi."

"Nani hununua mgonjwa?"

"Basi litengeneze, uje nalo."

"Betri ya haibridi si tochi, mwanangu."

"Fundi amesemaje?"

"Anaangalia."

"Anaangalia tangu lini? Baba, nisikilize. Wifi yangu anakitaka kile chumba. Nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sina cha kumjibu."

Mzee alisema sauti inakatika, akakata yeye. Ukweli ni kwamba hakuwa amelipeleka gari kwa fundi yeyote. Gari bovu haliuziki wala halisafiri, na mwenye gari bovu haulizwi kwa nini hatoki. Kwenye pembe ya kiti cha nyuma ulikuwepo mto aliomshonea mkewe, na kila jioni alikwenda kukaa kwenye usukani, milango imefungwa, akasimulia habari za siku bila kugeuka. Mtu asipogeuka, hana ushahidi kwamba nyuma hakuna mtu.

Binti, kwa kumjua babake, alimtuma dalali. Kijana mwenye viatu vilivyochongoka alilizunguka gari akipiga mabati kwa kidole.

"Mzee wangu, nisikufiche. Haibridi betri ikifa, unabaki na kabati lenye magurudumu. Nitakutafutia mtu, lakini usitegemee makubwa." Akafungua mlango wa nyuma, akang'oa mto, akautupa kwenye boneti. "Na haya matambara tutayatoa. Yanalitia gari uzee."

"Rudisha."

"Ni mto tu, mzee."

"Ni mto, na wewe ni dalali. Rudisha ulipoutoa, kisha uende na viatu vyako kabla havijamchoma mtu."

Dalali aliondoka akitikisa kichwa. Mzee akaukaza mto tena mahali pake, na hasira ile ndiyo iliyomtoa nyumbani. Kesho yake aliliendesha gari kwa mwendo wa jongoo mpaka gereji ya fundi wa haibridi, mama mmoja mnene mwenye ovaroli ya buluu na kalamu iliyochomekwa kwenye kilemba.

Fundi alichomeka kipimo chake chini ya usukani, akasoma, akaguna. "Betri haijafa, baba. Inakosa hewa. Seli za upande mmoja zimeungua kwa joto." Akazunguka nyuma, akafungua mlango, akasimama.

"Nani alishona huu mto?"

"Mimi," mzee alisema, akijinyoosha kidogo. Hata sasa, akisifiwa mshono, mgongo wake ulikumbuka ujana.

"Kazi safi. Umekaa kwenye hii pembe kama ulizaliwa nayo."

"Nilichukua vipimo mara tatu. Kulikuwa na vitundu vya plastiki pale, vinamvumia mke wangu mgongoni. Nikaviziba."

Fundi aliuvuta mto taratibu. Nyuma yake vitundu vilikuwa vimejaa vumbi na chembe za sponji.

"Hii ni pua ya betri, baba. Feni yake inavuta hewa kupitia hapa."

Mzee aliinama akatazama. Akapitisha kidole juu ya vumbi.

"Mbona miaka yote lilikwenda vizuri?"

"Mama alikuwa akiuacha mto garini?"

Hapana. Mke alikuwa akishuka nao. Aliukalia kwenye mabenchi magumu ya kliniki, akaurudisha nyumbani kwapani, akaulalia mchana. Mto ulikuwa garini wakati wa safari tu, nazo zilikuwa fupi. Ni baada ya mazishi ndipo mzee alipoupachika mahali pake na kuukaza vizuri, usisogee tena.

"Angeushona fundi mbovu," alisema fundi bila ubaya, "ingebaki nafasi, hewa ingepita."

"Kwa hiyo mto mbaya ungeliponya gari."

"Ndivyo, baba. Sasa chagua. Nisafishe feni, nibadilishe zile seli, litakupeleka unakotaka. Au niuzie mimi hivi hivi, nilikate vipuri. Ila ukitengeneza, mto haurudi pale. Ukiurudisha, tutaonana tena."

Aliomba akae kidogo. Akaingia nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja, akaunyoosha mguu juu ya kiti kama alivyokuwa akifanya mwenzake, mto kaupakata. Kutoka pale, kitu kilichoonekana vizuri kuliko vyote kilikuwa mgongo wa kiti cha dereva, ambacho alikivika kitambaa yeye mwenyewe. Mshono mmoja ulikwenda upogo, kutoka begani hadi chini. Miaka yote ile mkewe aliutazama, safari baada ya safari, pamoja na kisogo chake, na hakusema neno. Mtu ambaye hata akiwa jikoni aliona shati lililogeuzwa!

Alicheka, kisha akakaa akiusikiliza mtaa wa nje unaopita bila yeye.

"Tengeneza," alimwambia fundi.

Siku alipolichukua, gari lilitoka gerejini bila mguno. Paka aliyeiba. Kwenye taa nyekundu alisema kwa mazoea, "Umefunga mkanda?" Hakukuwa na mngurumo wa injini wa kulimeza, swali lilizunguka garini likamrudia. Aliinua macho kwenye kioo. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi aliona barabara yote aliyoiacha.

Nyumbani aliandika barua. Kwenye simu binti humshinda kwa maneno. Kwenye karatasi hakuna wa kumkatiza. Alianza kwa kueleza habari za seli na feni, akachana. Akaanza na habari za mama wa binti, akachana. Mwisho ikabaki hivi:

*Mwanangu, gari nimelitengeneza. Siliuzi, nitakuja nalo. Chumba usimpe mtu. Kiti usininunulie, nitatengeneza mwenyewe, mto ninao.*

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akatafuta kopo la gundi ya makochi, akapaka kwa kidole gumba, akakandamiza kama mtu anayefunga ukingo wa kochi, mpaka akaridhika kwamba mshono huu hautakwenda upogo. Kisha akaendesha kimya kimya mpaka kwenye sanduku la posta pembeni mwa soko, akashuka, akaiachia barua. Aliisikia ikigonga bati la chini. Hapakuwa na nyingine ndani.