Piko ya Farida

Asubuhi ya Ijumaa Farida alikuwa uani kwao Tandale anapepeta mchele wa pilau, na ua jipya la kuchora lilikuwa linamjia. Akikaa na kalamu hapatagi kitu. Akishika ungo, makapi yanaruka, yanatua sakafuni yameshajipanga: majani, vikonyo, maua ambayo Dar nzima hakuna aliyewahi kuyachora. Yeye anayahamishia kwa piko kwenye miguu ya mabibi harusi. Kazi ya mama yake ni kufukuza kuku wasidonoe mchoro.

Ndo akaingia mama yake Anwar. Anwar huyohuyo aliyekuwa anamwambia Farida miaka yote, "Ngoja niezeke tu, nakuja kwenu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Anwar anaoa Jumapili, binti wa Tabata, Samiha. Nataka mchoro ambao haujawahi kuonekana."

"Nyumba ameshaezeka?"

"Zamani! Bati la msauzi."

Farida akapepeta. Makapi yakapanda, ila hayakurudi chini. Yalitua mwilini mwake, mikononi mpaka viwikoni, miguuni mpaka magotini, yakawa piko nyeusi tii, wala haikuhitaji kukauka. Kiganjani, katikati ya ua, ilijificha herufi ya jina la bwana harusi, kama desturi inavyotaka. Mama yake Farida akaleta limau na sabuni. Haikutoka.

Mama Anwar akavaa miwani, akamgeuzageuza mikono.

"Mashallah. Huuhuu. Kesho ukamchoree mwenzio, na usipunguze hata jani."

"Sawa, mama."

Jumamosi, Tabata, Farida alikaa mkekani na mguu wa Samiha mapajani, anautazama mkono wake wa kushoto huku wa kulia unachora. Samiha anacheka, anatekenyeka.

"Dada, na wewe umeolewa juzijuzi? Mbona yako imekolea hivyo?"

"Tulia, mpenzi, utaniharibia."

Ile herufi aliiweka vizuri kuliko zote alizowahi kuweka.

Piko ya Samiha ilififia kwa kuosha vyombo, kama ya mtu yeyote. Ya Farida ipo mpaka leo. Sokoni wauza nyanya wanamwita bi harusi, wanamwongezea na nyanya ya juu. Mwanzoni alikuwa anawaeleza. Ameacha.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo, yuko kazini," anajibu, anafungua mfuko watie nyanya.